Nyama Ndogo Kama Punje za Mahindi

Karatasi ilibandikwa nyuma ya mlango wa jiko kwa plasta ya hospitali, na mstari wake wa kwanza ulisema nyama ikatwe ndogo kama punje za mahindi. Niliisoma nikiwa nimesimama, mfuko wangu bado begani, nikacheka kwa pua. Nilikuwa nimepakia viazi Makambako, nimechuma chai, nimechimba mitaro ya mabomba, nimelala miezi miwili kwenye stoo ya mpunga Kyela nikifukuza panya. Hakuna kazi hata moja iliyowahi kunipa maagizo ya maandishi. Waajiri wengi hudhani sijui kusoma kwa kuwa niliishia darasa la sita. Najua. Nasoma kila kinachopita mbele yangu: gazeti lililofungia maandazi, maelezo ya mfuko wa mbolea, ubavu wa lori, msalaba wa kaburi la mtu nisiyemjua.

Karatasi iliendelea. Kikombe kimoja cha wali laini na nyama, saa moja asubuhi. Kikombe kimoja saa kumi na moja jioni. Karoti zichemshwe na zipondwe humo humo. Chumvi hapana, kitunguu hapana, mafuta hapana, mifupa ya kuku hapana kabisa. Maji yabadilishwe mara mbili kwa siku. Manyoya yachanwe kila siku, hasa nyuma ya masikio na makwapani, yasije yakafunga mafundo. Miguu ioshwe na ikaushwe kila akitoka nje. Kupe watafutwe katikati ya vidole. Aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu kila baada ya wiki mbili, na masikio yasiingie maji. Uzito wake kilo tano. Asiachwe peke yake zaidi ya saa mbili.

Mstari huo wa mwisho ulikuwa umepigiwa wino chini mara mbili.

Mwenye karatasi alikuwa muuguzi, kwao upande wa Kilimanjaro, aliyepangiwa kazi Tukuyu na kupanga nyumba Makandana. Mbwa alikuja naye ndani ya kikapu. Alikuwa mdogo kuliko jogoo, mweupe, manyoya yamemwangukia machoni, miguu mifupi kiasi kwamba siku ya mvua tumbo lake lilirudi na rangi ya udongo. Mimi niliwakuta nilipokwenda kuchimba mtaro wa kuondoa maji nyuma ya nyumba. Siku zote tatu za kazi, mbwa yule alikaa kando ya sururu yangu akinitazama, na mimi nilimuuliza mwenye mbwa maswali mpaka akachoka. Anaona kupitia manyoya yale? Kwa nini hakui? Akibweka usiku mwizi ataogopa nini? Analala wapi? Aliponijibu kwamba analala kwenye mto wake chumbani, niliweka sururu chini.

Mwezi mmoja baadaye alipata nafasi ya mafunzo Dodoma, miezi minne, na bweni halipokei mbwa. Akanitafuta mimi. Alisema mtu anayeuliza maswali yote yale kuhusu mbwa hawezi kumwacha na njaa.

"Ila watu wananiambia wewe hukai mahali, kaka," alisema, funguo bado ziko mkononi mwake.

"Wanasema kweli, sista."

"Miezi minne. Utaweza?"

Nikasema naweza. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwahi kujaribu.

Wiki za kwanza zilikwenda. Nilikuwa nakata ile nyama ndogo kama nilivyoambiwa, napika wali mpaka unalegea, naponda karoti kwa uma, napima kwa kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono. Kikombe kidogo, mlo mmoja wa mbwa mdogo. Aliramba bakuli mpaka likasogea sakafuni na kugonga ukuta. Kisha nilimbeba mapajani, nikamchana. Nilijifunza kwamba fundo la manyoya halivutwi. Linashikwa kwenye mzizi kwa vidole viwili, halafu kitana kinaanzia nchani. Nilijifunza kwamba masikio yake yakinuka kama maziwa yaliyoganda yanahitaji kufutwa. Nilijifunza kwamba anaota, na akiota miguu yake hukimbia huku amelala ubavu, na mimi nikimtazama miguu yangu nayo inaanza kuwasha.

Maana hilo ndilo tatizo langu, na sikuwahi kulificha. Barabara inayotoka Mbeya kwenda mpakani inapita pale mjini, na fuso zikipanda kilima zikibadilisha gia mimi nazisikia tumboni. Asubuhi ukungu ukiinuka na mlima ukajitokeza wote mzima, siwezi kuutazama bila kutaka kujua upande wa pili wamelima nini. Kwa hiyo nikimaliza kulisha na kuchana, nilimwacha mbwa uani, nikafunga lango dogo, nikaenda. Siku ya kwanza nilikwenda dakika chache, kuona wanaopanga parachichi kwenye kreti. Siku nyingine nikaenda Kisiba kuliangalia ziwa, maana nilisikia ni shimo la volkano, nikataka kuona kama maji yana harufu. Hayana. Nikakaa huko mpaka alasiri nikimsumbua mzee mmoja mwenye ndoano kwa maswali. Saa mbili za kwenye karatasi zikawa nne, zikawa saba. Nilirudi kabla ya kumi na moja, siku zote. Hilo nilijisifia.

Ua ule haukuwa wetu peke yetu. Mlango wa pili ulikuwa wa mama mmoja wa makamo, mkulima wa ndizi, Mnyakyusa wa pale pale, ambaye kila asubuhi alinisalimu "Ugonile" na kusubiri nijibu vizuri ndipo aendelee na kufagia. Ng'ambo ya njia, kwenye baraza, alikaa fundi cherehani, ambaye babu yake alitoka pwani. Yeye hagusi mbwa kwa sababu ya dini, na mbwa akivuka njia kwenda kumnusa, alinyanyua miguu yote miwili juu ya kanyagio akasema kwa adabu kabisa, "Mgeni, ishia hapo." Jina la mgeni likamganda mbwa. Mtaa mzima ukamwita hivyo.

Ningepaswa kulisikiliza jina lile vizuri zaidi. Kule Rungwe, wilaya yenye Tukuyu, mtu akiingia uani kwako, hata kama amekuja kuuliza njia, anakaa na anakula kwanza. Siku zile nilipokuwa nachimba mtaro niliwahi kula nyumba tatu kwa siku moja, ndizi juu ya magimbi juu ya ndizi tena, kwa sababu nilipopita na sururu niliitwa, na ukikataa wanakutazama kama umewatukana. Nilishiba nikacheka. Sikuwaza kwamba jambo lile lile linaweza kumpata mwingine.

Mwezi wa tatu ulipoanza, mbwa akaacha kumaliza chakula. Alikuja kwenye bakuli, akanusa, akala nyama akaacha wali. Baadaye akaacha na nyama. Akawa anakwenda kulala mlangoni, pua kwenye upenyo wa chini.

Nikajua ni huzuni. Nilikuwa na uhakika kabisa, kama mtu anavyokuwa na uhakika wa jambo aliloligundua peke yake. Anamkumbuka mwenyewe, nikasema, na mtu mwenye huzuni hupikiwa kitu kitamu. Nikakaanga maini kwa mafuta kidogo. Akala. Kesho yake nikaongeza mafuta. Kwenye karatasi palisema mafuta hapana, lakini karatasi iliandikwa na mtu aliyekuwepo, nikajiambia, na huyu sasa ni mbwa wa mtu asiyekuwepo.

Jumapili muuguzi alipiga simu kama kawaida.

"Anakula?"

"Anakula vizuri, sista."

"Anachanwa?"

"Kila siku."

"Na wewe hujatoroka?"

"Nipo."

Yote matatu nilijibu kwa sauti moja. La kwanza lilikuwa uongo, la pili lilikuwa kweli, na la tatu lilikuwa linaelekea kuwa uongo, kwa sababu siku mbili kabla yake nilikuwa nimeongea na dereva wa fuso.

Dereva yule alikuwa anapeleka parachichi Makambako. Alikuwa na nafasi ya mtu mmoja mbele. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla muuguzi hajarudi, na mimi nilikuwa sijawahi kuona mwezi wa nne mahali popote tangu nilipoondoka nyumbani. Sikuwa na shida na mtu. Chakula kilikuwepo, paa halivuji. Nilikuwa tu naamka alfajiri moyo unakwenda mbio kama nimechelewa kitu, natembea kutoka jikoni hadi langoni na kurudi, mbwa nyuma yangu, kucha zake zikigonga sakafu.

Jumatano nikamwendea yule mama jirani, nikamwambia nina safari ya ghafla, nikamwomba akae na mbwa mpaka mwenyewe arudi. Nilitegemea akatae au aulize. Alifuta mikono kwenye kitenge.

"Mwache," alisema. "Sasa atashiba."

Neno lile "sasa" lilinigonga kidogo, lakini mtu anayetaka kuondoka hasimami kuuliza maana ya neno. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuuliza.

Alhamisi asubuhi nilipeleka mfuko wangu kwenye fuso, nikauweka nyuma ya kiti. Dereva alikuwa anakunywa chai.

"Saa mbili kamili," alisema. "Usinicheleweshe, mimi si basi."

Nikarudi nyumbani kulisha mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Mbwa hakuja mlangoni. Nilimkuta kona ya jikoni, kifua kimelala sakafuni, makalio juu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Mbele yake alikuwa ametapika, na alikuwa ametapika tena pembeni, maji ya njano tu. Nilipomgusa tumbo alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, fupi, halafu akaniramba mkono kama anayeomba radhi.

Nilisimama pale na funguo mkononi. Nataka niseme kwamba sikusita. Nilisita. Mlango wa mama jirani ulikuwa hatua kumi tu, na niliwaza kabisa kumweka kwenye kikapu, kumpelekea, na kusema ameamka hivi. Nilisikia honi upande wa stendi. Kisha nikamtia ndani ya koti langu, nikafunga zipu mpaka shingoni kwake, nikatoka kumtafuta bodaboda.

Bwana mifugo hakuwepo ofisini. Alikuwa Kisondela anachanja ng'ombe. Tulimfuata kwa pikipiki kwenye manyunyu, njia imekuwa sabuni, mara mbili nikashuka kutembea ili pikipiki ipande. Kila tukiruka shimo mbwa alitetemeka kifuani kwangu, kisha akaacha kutetemeka, nami nikafungua zipu kuangalia. Jicho moja lilinitazama kutoka ndani ya manyoya. Mwenye bodaboda aliniuliza kama nimebeba mtoto. Nikasema ndiyo, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kueleza.

Tulimkuta kwenye uwanja wa kukusanyia parachichi, ng'ombe wamefungwa upande mmoja, kreti zimepangwa upande mwingine, na watu kadhaa wakingoja zamu. Nikafungua koti.

"Huyu ni mbwa?" bwana mifugo aliuliza.

"Ndiyo, daktari."

"Mtoto?"

"Mtu mzima. Ana miaka mitano."

"Basi mpeni shikamoo," akasema mtu mmoja aliyeshika kamba ya ng'ombe, na wote wakacheka, isipokuwa mimi na daktari.

Alimbonyeza tumbo, akamfunua fizi, akamvuta ngozi ya shingo akaangalia inavyorudi. Akaniuliza uzito. Nikamwambia kilo tano, imeandikwa. Akaniangalia, akamwangalia mbwa, akaomba kreti tupu. Wakamtundika kwenye mzani wa parachichi, kichwa kimetokeza juu ya ukingo. Mshale ukasimama karibu na saba.

"Huyu ni daraja la kwanza," akasema kijana wa mzani. "Anapakiwa kwenda nje."

"Unamlisha nini?" daktari aliniuliza.

"Wali na nyama. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nyama nakata kama punje za mahindi."

"Usinidanganye."

"Na maini ya kukaanga," nikasema. "Siku hizi. Kidogo."

"Kidogo hakiongezi kilo mbili kwa mnyama wa kilo tano." Alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano, taratibu, akipima mara mbili kwa sababu amezoea kupimia ng'ombe. "Mafuta yamemzidi. Kongosho limevimba. Mbwa mkubwa angetapika akasahau. Huyu hana pa kuyaweka."

Alimchoma sindano mbili, akampitishia maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo mpaka pakafura kama kifurushi. Akanieleza kwa kifupi. Leo asile kitu, alowanishwe tu ulimi. Kesho, akiwa hatapiki, kijiko kimoja cha chai cha maji ya wali kila baada ya saa tatu. Kesho kutwa kijiko cha wali mlaini. Hivyo hivyo wiki nzima, nyama irudi mwisho. Akizidishiwa hata mara moja, asiletwe tena, hakuna atakachofanya.

"Nani atakaa naye?"

"Kuna mama jirani."

"Sijauliza habari za jirani."

Nikasema nitakaa mimi. Wakati ule ilikuwa imeshapita saa nne, na mfuko wangu ulikuwa unakwenda Makambako bila mimi.

Nilirudi Makandana nimelowa. Fundi cherehani alisimamisha mashine aliponiona, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Vipi mgeni?"

"Mgonjwa. Daktari anasema amelishwa kupita kiasi, na mimi nampa kikombe tu. Sielewi."

Alivua miwani. "Wewe unampa kikombe," alisema.

"Ndiyo."

"Hao wengine je?"

"Wengine nani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwenye nyumba ambaye hajui paa lake limetoboka. "Bwana mdogo, mimi kumgusa simgusi, lakini macho sijakatazwa kutumia. Ukishatoka hapo langoni na safari zako, mgeni naye anatoka chini ya lango. Kwanza kwa mama, parachichi na ndizi ya kuchoma, anampondea kwenye kisahani kabisa. Halafu kwa muuza maandazi. Halafu buchani, wanamtupia mafuta ya kiuno cha ng'ombe. Anarudi kwa mama saa nane, kande. Halafu anakuja kulala mlangoni anakungoja wewe. Nilidhani unajua. Nilidhani mmekubaliana."

Nikageuka kuangalia chini ya lango. Akapitisha uzi kwenye tundu la sindano ambalo tayari lilikuwa na uzi.

"Na mimi," akaongeza. "Kichwa cha samaki. Mara moja moja. Nilimrushia kwa mbali."

Mama jirani alikuwa tayari amesimama mlangoni kwake. Alikuwa ameniona nikitoka na koti limefura.

"Mama," nikamwambia, "mlikuwa mnamlisha?"

"Tulikuwa tunamlisha," alisema, bila kuficha. "Ulitaka tufanyeje? Nyama inanukia uani kote kila asubuhi, halafu mgeni anapewa kikombe cha kahawa. Nyama nyingine inakwenda wapi? Tukasema, kijana anakula chakula cha mbwa. Tukaona aibu kukuambia. Sista ametuachia mgeni hapa, arudi amkute mifupa, atasema watu wa Tukuyu ni watu gani?"

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa safi. Nyama sikuila, lakini mchuzi niliunywa, kila siku, na ugali. Nilikuwa nachemsha nyama ya siku tatu kwa pamoja, naweka akiba ya mbwa kwenye kopo, na mchuzi nautia chumvi nakula mimi. Kwa hiyo hata shutuma ile ilikuwa na mguu mmoja wa kusimamia, na nilimwambia hivyo.

"Mchuzi si kitu," alisema. Kisha akaangalia koti langu. "Anakuja pale mlangoni, anakaa, ananitazama. Hasemi. Mgeni akikaa mlangoni kwako anakutazama, wewe unaendelea kufagia?"

Nikafungua zipu amwone. Aliweka mkono kinywani akaingia ndani, na sikumwona tena mpaka jioni.

Siku zilizofuata nilikaa. Sina maelezo makubwa ya kukaa. Ni kukaa tu. Kijiko cha maji ya wali, halafu saa tatu za kungoja kama yatabaki tumboni. Kijiko kingine. Simu yangu haikuwa na chaji ya kutosha, umeme ulikuwa unakatika, na nikapoteza hesabu ya saa, mpaka fundi akajitwisha kazi hiyo bila kuombwa. Alikuwa na redio. Saa tatu, saa sita, saa tisa, cherehani ilinyamaza na sauti ikavuka njia: "Kijiko, msafiri." Jina la msafiri alikuwa ananiita kwa kejeli, na siku zile lilikuwa kejeli kweli, maana safari yangu ilikuwa kutoka mto wa mbwa hadi jiko. Nilimbeba begani nikazunguka ua, kwa sababu miguu ilikataa kutulia hata kama mimi nimekubali. Nilimaliza udongo wa ukutani kwa macho. Nilisoma karatasi ya mlangoni mpaka nikajua palipo wino mzito na palipo hafifu, na ule mstari wenye wino mara mbili chini yake nilikuwa nikiusoma na kugeuka.

Mama alikuja kila siku asubuhi na kusimama kizingitini. Hakuleta kitu mkononi, na niliona jinsi ilivyomsumbua kuingia nyumba ya mgonjwa mikono mitupu. Hakujua pa kuiweka. Siku ya tatu nikampa kijiko nikamwonyesha kiasi. Alikishika kama dawa ya macho.

"Hiki tu?"

"Hiki tu, mama."

"Na akinitazama?"

"Mwache akutazame."

Alimpa. Mbwa akaramba, akamtazama. Mama akageuza uso akatazama dari, shingo imekaza, mpaka mbwa alipolala. "Ndaga," akasema kwa sauti ndogo. Sijui alikuwa anamshukuru nani.

Jumapili simu ililia. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi.

"Anakula?"

"Hali, sista. Anaumwa. Nilikuwa namwacha uani mchana kutwa nikienda zangu. Akawa anakula mtaa mzima. Na mimi nikamkaangia maini juu ya hayo. Jumapili iliyopita nilikudanganya." Nikamweleza daktari alivyosema, sindano, vijiko.

 Nilisikia watu wengine wakiongea nyuma yake, na mlango ukifungwa, halafu utulivu, kama amekwenda kusimama mahali peke yake.

"Ametapika leo?" aliuliza kwa sauti ya kazini.

"Tangu juzi hajatapika."

"Fizi?"

"Zina rangi tena."

"Nikitafuta mtu mwingine wa kumchukua, utasema ukweli kama unataka kwenda?"

"Nilikuwa nimeshakwenda," nikamwambia. "Mfuko uko Makambako. Nimebaki na koti."

"Sasa je?"

"Sasa ni saa sita. Nina kijiko cha kumpa."

Hakusema ahsante na sikutegemea. Alisema atapiga jioni, akapiga, na kila jioni baada ya hapo.

Nyama ilirudi siku ya tisa, punje tano. Nilizikata ndogo kuliko zote nilizowahi kukata. Alizila moja moja, akanitazama, nami nikatazama dari. Fuso ilirudi wiki hiyo na dereva akaniletea mfuko wangu mpaka langoni, akaurusha chini akicheka. "Mfuko wako umesafiri kuliko wewe," alisema. Akaniuliza kama nafasi bado naitaka. Nikasema ndiyo, lakini si sasa, nikamuuliza barabara ya Makambako imekaaje, mvua imenyesha wapi, viazi vimeanza kuchimbwa? Alinijibu yote akiwa amewasha injini. Alipoondoka nilisimama pale mpaka sauti ya gia ikaisha.

Wiki zilizobaki nilizimaliza. Sikuzimaliza kwa raha. Nilikuwa natoka na mbwa ndani ya koti, saa moja na nusu, narudi. Niliona mambo ya karibu tu, yale ambayo kwa kawaida huyaruka: wanavyopandikiza miche ya parachichi, wanavyofunga mikungu ya ndizi kwa maganda ya mgomba wenyewe. Buchani wakatuonyesha mafuta, nikakataa, wakatuita mabosi. Muuza maandazi alimsalimu mbwa kwa mbali, akaficha sinia. Uzito ukashuka, tulikwenda kumpima kwenye kreti, na kijana wa mzani akasema mwaka huu mavuno mabaya.

Muuguzi alirudi siku ya soko, mchana. Mbwa alimsikia kabla sijasikia mimi. Alikojoa kwenye viatu vyake kwa furaha, akazunguka, akapiga chafya, akalala chali. Mimi nilisimama na kitana mkononi na hakunitazama hata mara moja, na ndivyo inavyopaswa. Muuguzi alimpapasa mbavu, akamfunua masikio akayanusa, akatafuta mafundo nyuma yake asipate. Kisha akainuka akaenda nyuma ya mlango wa jiko. Karatasi ilikuwa ile ile, isipokuwa chini nilikuwa nimeongeza mstari kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: Majirani wasomewe karatasi hii siku ya kwanza, na wapewe kijiko.

Aliusoma. "Kijiko cha nini?"

"Wana haki ya kumpa kitu, sista. Kijiko kimoja kimoja. Wakikatazwa kabisa watampa kwa siri."

Alicheka kidogo, ndipo akafuta macho kwa kiganja, haraka, kama anafuta jasho. Akasema mtaro wa mbele nao unahitaji kuchimbwa, kama nataka, hakuna haraka. Nikasema nitaangalia. Sote wawili tulijua.

Niliondoka kesho yake na ile fuso. Mama jirani alinifungia ndizi za kuchoma, nikazila zote kabla ya kutoka mjini. Fundi aliinua mkono bila kusimamisha cherehani. Mbwa alikuwa ndani, anakula. Ilikuwa saa moja.

Makambako tulifika jioni. Dereva akaenda kutafuta watu wa kushusha mzigo, nami nikakaa kwenye benchi la muuza nyama choma, nikafurahia kelele, sura ngeni, magari ya kila upande, na moyo wangu ukatulia kama unavyotulia mahali nisipojulikana. Niliagiza nyama. Nilikuwa nimeanza kumuuliza mchomaji kuni zile ni za mti gani nilipoona ananitazama mikono. Nilikuwa nimeondoa mafuta yote nikayaweka pembeni, na nyama nyekundu nimeikata kwa kisu chake, ndogo ndogo, rundo safi kwenye ukingo wa sahani.

"Una mtoto?" aliniuliza.

Nikaangalia saa ukutani kwake. Ilikuwa kumi na moja na dakika chache.

"Hapana," nikasema, nikazila moja moja.